Ndege Iliyomwacha Dahabo

Asubuhi ninayopenda kuikumbuka, kabla ya hayo mengine yote, Guyo alikuwa akifukuza punda milia kiwanjani. Ndege ya dawa ilikuwa njiani, na punda milia wale walikuwa na tabia ya kusimama katikati kabisa ya njia ya ndege, kana kwamba ilitengenezwa kwa ajili yao. Guyo alikimbia na fimbo, shuka amelifunga kiunoni. Mume wangu, Kirimi, aliyekuwa amelala chini ya lori lake akikaza nati, alitoa kichwa akamwambia awaache, huenda na wao wana safari. Guyo alicheka mpaka akasimama. Dahabo, mkewe, alikuwa ameketi nami kwenye ngazi ya zahanati, kibuyu cha maziwa kikiwa katikati ya miguu yake. Alicheka kwa sababu mumewe alicheka. Kiswahili chake kilikuwa kidogo wakati huo, na maneno ya Kirimi yalikuwa yamempita.

Mimi ni mtu wa Kibugu, kule juu Embu karibu na msitu, mahali pa baridi ambapo ukungu hukaa shambani hadi saa nne. Niliolewa na Mmeru wa Tigania, nikapelekwa kufanya kazi ya udresa, yaani kufunga vidonda na kugawa dawa, na ukunga chini ya milima ya Nyambene, kwenye tambarare ya kuelekea Isiolo. Watu walipaita Kiwanjani, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kupaita.

Wazungu ndio waliokitengeneza kiwanja hicho, wakati wa vita vyao na Hitler. Walileta vijana wao kujifunza kurusha ndege mahali ambapo wakianguka hawaangukii nyumba ya mtu. Guyo, Mborana, alikuwa kijana siku hizo. Alibeba mawe, akashindilia udongo, na aliwahi kushuhudia mmoja wa wanafunzi wale akishuka na ndege juu ya kichuguu, akatolewa humo hana hata mkwaruzo, anatafuta kofia yake. Vita vyao vilipokwisha waliondoka. Walituachia njia ya udongo mwekundu, nguzo yenye mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo, na nyumba mbili za mawe. Moja iligeuzwa duka. Ya pili ikawa zahanati yetu, na lililokuwa darasa lao likawa chumba changu cha kuzalishia. Ukutani walikuwa wamechora ndege kwa makaa. Tulipaka chokaa, lakini baada ya mvua zilichungulia tena.

Uhuru ulipokuja, Guyo alipewa kazi ya kuangalia kiwanja. Alikata majani, alifukuza wanyama, na ndege ikikaribia aliwasha majani mabichi ili rubani aone moshi unaelekea wapi. Kazi hiyo aliipenda. Mifugo yake ilichungwa na jamaa zake, na jioni ikirudi Dahabo alikamua na kuniletea sehemu yangu. Mimi nilimpa sukari, na Kirimi aliwaletea mahindi kutoka Meru, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuendesha lori la tajiri mmoja aliyeuza nafaka huku chini. Kirimi hakuwahi kumwacha mtu barabarani. Mborana, Msomali, Mturkana, Mmeru mwenzake, wote walipanda juu ya magunia. Tajiri wake alimkaripia sana kwa hilo.

Neno mashifta tulilisikia kwanza kwenye redio. Tuliambiwa kwamba kuna watu wa kaskazini wanaotaka nchi yao ikatwe iunganishwe na Somalia, na kwamba wameshika bunduki. Sisi tulisikiliza kama habari za nchi nyingine. Halafu duka moja lililokuwa mbele zaidi barabarani likachomwa, mwenyewe akauawa. Halafu mifugo ikaibwa, ya Wameru na ya Waborana pia, maana mwenye bunduki na njaa hakuulizi kabila lako kabla ya kuchukua mbuzi wako. Guyo mwenyewe alipoteza ngamia. Alikuja kunieleza kwa aibu, kama mtu aliyeibiwa na ndugu zake.

Kirimi aliendelea na safari. Nilimwomba aache. Alisema watu wa chini watakula nini.

Bomu lilikuwa limezikwa kwenye udongo wa murram, mahali barabara inapokata korongo.

Nilisikia mlio. Nilikuwa nikifunga kidonda cha mtoto, na Dahabo alikuwa nyuma ya zahanati akikamua mbuzi. Tulitoka nje pamoja. Moshi ulisimama wima, kwa kuwa siku hiyo hapakuwa na upepo.

Dahabo ndiye aliyenishika. Nilitaka kukimbia kwenda huko naye alinikumbatia kwa nyuma, akanilalia, mpaka wanaume waliokimbilia korongoni wakarudi.

Tulimzika Kirimi kwao Tigania. Guyo na Dahabo walipanda mlima kwa miguu kuja kunipa pole, Dahabo akiwa tayari mjamzito, na kibuyu mgongoni. Hawakufika ndani. Mdogo wa Kirimi, Mutuma, aliwazuia langoni. Sikuona, nilikuwa ndani na wanawake. Nilipotoka nilikuta kibuyu kimelala kando ya ua na ardhi ikiwa nyeupe. Nikauliza. Mama mkwe akaniambia kwa upole kwamba hatuwezi kunywa maziwa ya watu waliomuua mwanetu.

Simlaumu mama yule. Alikuwa amezika mtoto, na sehemu ya mtoto huyo haikupatikana.

Niliporudi kazini, Kiwanjani palikuwa pamebadilika. Wanajeshi walikuwa wamekuja. Mahema yalisimama mahali ambapo punda milia walikuwa wakila majani. Upande wa mashariki wa kiwanja, wanaume wa kutoka milimani walikuwa wakichimba mashimo ya nguzo na kufunga waya wa miiba. Amri ilikuwa kwamba kila Mborana na kila Msomali wa eneo hilo aingie ndani ya waya na mifugo yake ihesabiwe, ili mashifta wasipate wa kuwalisha. Walinzi wengine walikuwa vijana wa Kimeru walioandikwa kulinda vijiji, tuliowaita homgadi. Mutuma alikuwa mmoja wao. Alipewa bunduki na koti refu, akawekwa langoni.

Guyo aliingia ndani ya waya wa kiwanja alichokishindilia kwa mikono yake. Kazi yake ya kuwasha moshi alipewa askari mmoja, ambaye mara ya kwanza aliwasha majani makavu, moto ukakimbia nusu ya uwanja.

Mifugo ilikusanywa kwenye njia ya ndege. Waliisimamisha pale juani bila maji. Baadhi ililiwa kambini, mingine ikafa, na ndege ilipotaka kutua askari waliitawanya mifugo kwa risasi. Watoto wa ndani ya waya walikuwa wakiitambua mmoja mmoja na kuita majina yake. Niliyasikia nikiwa zahanati. Kwa muda fulani kazi yangu ilikuwa ni surua na kuhara, na dawa zilizidi kupungua, kwa kuwa barabara haikupitika na ndege sasa zilileta mahitaji ya kambi.

Mama mkwe alinitumia ujumbe nirudi Tigania. Wazazi wangu waliniita Kibugu. Nilibaki. Watu walidhani nimebaki kwa ujasiri au kwa kuchanganyikiwa. Nilibaki kwa sababu tumbo la Dahabo lilikuwa limeshuka, na mimba mbili za mwanzo zilikuwa zimemharibikia mikononi mwangu, na hapakuwa na mwingine wa kumzalisha.

Uchungu ulimshika Jumanne alfajiri. Mutuma alimfungulia lango. Hilo nalisema, kwa kuwa ni kweli: alifungua bila kuulizwa mara mbili, akamruhusu na Guyo kumsindikiza, na alituma homgadi mwenzake afuatane nao.

Jua lilipokuwa limepanda kidogo, mtoto alizaliwa. Msichana, mzima, mwenye nywele nyingi. Guyo alisimama nje ya dirisha na nilimwonyesha kupitia hapo. Akamwita Talaso, jina ambalo kwao hupewa msichana wa Jumanne.

Kondo la nyuma halikutoka.

Nilisubiri, nikakanda tumbo, nikamweka mtoto kwenye titi la mamake ili kizazi kikaze. Damu ilitoka kidogo kidogo, bila kelele. Sindano ya kukaza kizazi haikuwepo. Nilinawa na kuingiza mkono, nikatoa kipande. Kilichobaki kilishikilia kama kimeota. Kazi iliyobaki ilikuwa ya hospitali, ya daktari na damu ya kuongezwa, na hospitali ilikuwa Meru, juu ya barabara yenye mabomu.

Ndipo nikasikia ndege.

Ilikuwa ndege ndogo ya viti vichache, imekuja na barua na betri za redio. Kwa ndege ile, Meru ni mwendo ambao hata chai haipoi. Nilimwambia Guyo tushike kitanda. Nilimwomba homgadi aliyewasindikiza ashike upande mmoja. Alikuwa kijana niliyemtibu malaria mwaka uliopita. Alitazama kando, akasema ameagizwa kulinda, hakuagizwa kubeba. Tulibeba mimi, Guyo na mama aliyefagia zahanati. Dahabo alikuwa na mtoto kifuani, na shuka chini yake lilikuwa tayari limebadilika rangi.

Mkubwa wa kambi alisimama karibu na bawa la ndege. Alikuwa mtu wa mbali, mwenye sauti ndogo, hakuwahi kunitukana. Nilimweleza. Akauliza jina la mgonjwa, nikamtajia. Akatazama upande wa waya.

"Mkunga, hawa ni watu wa ndani," alisema. "Wakitoka, ni mimi nitakayeulizwa."

Nilimwambia nitakwenda naye, anifunge na mimi huko Meru akitaka, na mgonjwa akipona tutarudi. Alifikiri. Niliona kabisa kwamba anafikiri. Alitazama kitanda, akatazama mtoto, akamgeukia rubani kana kwamba anataka kuuliza uzito.

Mutuma alikuwa ameacha lango lake akaja.

"Afande," alisema, "ndugu yangu alifia barabarani. Siku hiyo hakuna ndege iliyomjia."

Hakusema kwa hasira. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

Mkubwa aliniuliza ndugu huyo alikuwa nani kwangu. Nikasema alikuwa mume wangu. Uso wake ukabadilika, na tangu hapo hakuongea nami kama mkunga. Aliongea nami kama mgonjwa.

"Pole, mama. Nenda ukapumzike."

"Mume wangu aliuawa na bomu," nilisema. "Huyu siku hiyo alikuwa akinikamulia maziwa."

Mutuma alinishika mkono. "Shemeji, usitutie aibu mbele ya watu."

Rubani alikuwa akikagua gurudumu. Alilikagua muda mrefu kuliko gurudumu linavyohitaji.

Walipakia sanduku la bati na mfuko wa barua. Mlango ulipofungwa niliona ndani. Viti viwili vya nyuma vilikuwa vitupu, na mikanda yake imefungwa vizuri juu yake.

Ndege iligeuka, ikatupuliza vumbi. Nililala juu ya Dahabo na mtoto ili wasimezwe na lile vumbi.

"Imekwenda?" aliuliza. Kiswahili chake kilikuwa kimekua tangu waliponiletea maziwa ya kwanza.

Nilimwambia itarudi.

"Sista," alisema, "wewe hujui uongo."

Tulimrudisha kwenye lile darasa la Wazungu, chini ya zile ndege za makaa. Alikufa kabla jua halijageuka. Alikufa taratibu, akiwa anajua, akimwambia Guyo maneno mengi kwa Kiborana ambayo sikuyaelewa na ambayo Guyo hakuwahi kunitafsiria.

Guyo alimzika siku hiyohiyo, kama dini yao inavyotaka, nyuma ya zahanati penye migunga miwili. Wazee wawili waliruhusiwa kutoka ndani ya waya kumwombea. Alipanga mawe juu ya kaburi, na mengi yalikuwa yale ya kingo za njia ya ndege, aliyoyabeba ujanani. Kisha akarudi langoni, akaingia mwenyewe.

Mtoto nilibaki naye. Ndani ya waya hapakuwa na maziwa, mbuzi wote walikuwa wamekwisha. Nilimlisha maziwa ya kopo ya zahanati kwa kijiko, na mama mmoja Mborana aliyefiwa na mtoto wake alimnyonyesha lango lilipofunguliwa. Nilipohamishiwa Embu, Guyo alisimama upande wa pili wa waya akaniambia nimchukue, akiwa hai atakuja kumtafuta. Mutuma alikuwa zamu. Alisikia yote. Sikumuaga.

Talaso alikulia Kibugu kwa mama yangu, mgongoni mwa kina shangazi, kwenye baridi ambayo damu yake haikuijua. Alijua Kiembu kabla ya lugha nyingine yoyote. Kanisani alibatizwa Grace, lakini nyumbani tuliendelea kumwita jina alilopewa na babake. Watoto wenzake walilitamka kwa namna yao, wakidhani ni jina la kizungu.

Guyo alikuja baada ya vita kwisha. Nilimwona akipanda kilima kati ya mashamba, amejifunika gunia mabegani kwa baridi, nikamjua kwa mwendo wake. Meno yake ya mbele hayakuwapo. Aliketi jikoni kwetu akashika kikombe kwa mikono miwili. Talaso alijificha nyuma ya sketi yangu. Guyo alimwita kwa Kiborana, taratibu, mara kadhaa, na mtoto akacheka, maana kwake yalikuwa maneno ya kuchekesha. Nikamwambia Guyo kwamba amekuja kuchukua kilicho chake, na mimi sitamzuia. Nilikuwa nimejizoeza kulisema jambo hilo tangu siku ya kwanza.

Guyo aliweka kikombe chini.

"Huyu ana nyama mwilini," alisema. "Mimi sina hata mbuzi mmoja. Nikimchukua, nitamnywesha nini?"

Alikula, akalala, asubuhi akaondoka. Alirudi mara moja tena, Talaso akiwa darasa la pili. Baadaye nilisikia kwamba alikuwa bawabu wa ghala Isiolo, na kwamba alifia huko kwa kifua. Aliyeniambia hakujua alipozikwa.

Sasa nimezeeka, na Talaso ana nyumba yake Majimbo, hapa mjini Embu. Ni mwalimu, ana wajukuu. Tulisikia kwamba kiwanja kile kimepanuliwa na kutiwa lami, kipokee ndege za watalii na za wenye biashara, na kwamba kitafunguliwa rasmi. Aliniomba nimpeleke aone kaburi la mamake. Nilikuwa nimemwahidi miaka mingi na kila mwaka nilipata sababu.

Palikuwa na mahema meupe, viti vya plastiki na kwaya. Mgeni wa heshima alieleza historia ya mahali hapo. Alisema Waingereza walifundishia hapo marubani wao wakati wa vita kuu. Kisha akasema kwamba baada ya Uhuru kiwanja kililala, na leo kimeamka. Watu wakapiga makofi. Nilingoja aongeze neno. Aliendelea na habari za bei ya maharagwe.

Zahanati haipo. Migunga haipo. Tulimuuliza mfanyakazi mmoja aliyevaa koti la manjano, kijana mwenye adabu, naye akasema tingatinga lilisawazisha upande wote ule ili njia iongezwe urefu, na kama kulikuwa na mawe yalitumika kujazia. Nilijaribu kukadiria kwa kutazama vilima. Niliweza tu kusema ni huko, nikaonyesha lami kwa mkono mzima. Talaso alitazama nilipoonyesha. Alikuwa amekuja na maua yaliyofungwa kwa karatasi. Uzio ulituzuia, na hata bila uzio hakuna mtu anayeruhusiwa kuacha maua mahali ndege zinapotua.

Mutuma alikuwa kwenye hema la wazee. Alikuja na mkongojo akanisalimu akiniita shemeji, akaniuliza habari za Embu. Kisha akamtazama Talaso, akauliza huyu ni mtoto wa nani.

"Wa Dahabo," nilisema.

Alisema kwamba vilikuwa vita, akanyoosha mkono. Talaso aliupokea kwa mikono yote miwili, akainamisha kichwa kidogo, kama alivyofundishwa kusalimu wazee. Ni mimi niliyemfundisha. Nilisimama pale nikitamani ningekuwa nimemlea vibaya.

Kanisani watu huniuliza kama nimesamehe. Huwajibu kwamba bado namwomba Mungu. Waliotega bomu sikuwahi kuwaona, na kwa kukosa sura zao, chuki yangu kwao ilichoka yenyewe. Waliomwacha Dahabo nawajua. Mmoja ni baba mdogo wa watoto ambao mimi na Kirimi tungezaa. Alilia kwa ajili ya Kirimi siku ile, na machozi yake yalikuwa ya kweli, na kwa machozi hayo alimuua mwanamke ambaye Kirimi angempakia mbele kabisa, karibu na usukani. Mume wangu walimtumia kufanya jambo ambalo asingelifanya. Yeye alikuwa ameshakufa, hakuweza kukataa. Mimi nilikuwapo, nikakataa, na haikusaidia kitu.